Kodi ya Miezi Sita Huko Mirihi

Jamani, mimi sina ugomvi na viumbe wa sayari nyingine kwenye vitabu na filamu zinazoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili. Wavamie, wapige miale, waondoke na ng'ombe wakitaka. Ugomvi wangu unaanza pale jemadari wao, mwenye macho matano na damu ya kijani, anapowageukia askari wake na kutamka: "Elekeeni kaskazini!"

Kaskazini gani, kaka? Kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, upepo uleule unaovuma hapa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi, joto likakulaza sakafuni. Kusini nako ni kwa kusi, ile inayoanza mwezi wa nne na kuwafanya wavuvi wa Feri waitazame bahari mara mbili kabla ya kutoka. Ili mtu aseme kaskazini, lazima iwepo Bahari ya Hindi, yawepo majahazi, na bara la Asia liwe linapata joto na kupoa kwa zamu. Huyu bwana yuko kwenye sayari ya mawe matupu, hakuna hata dimbwi. Kaskazi imemfikiaje?

Halafu inakuja karamu ya mfalme wao. Mtafsiri katuwekea viazi ulaya mezani. Ulaya! Viumbe hawajawahi kulisikia jua letu, ila Ulaya wanaijua. Pembeni kuna bata bukini, na Bukini ndiyo Madagaska kwa jina la wazee. Nyama imenyunyiziwa pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni upande wa Omani. Waziri wao mkuu katinga Kaunda suti, kana kwamba rais wa kwanza wa Zambia alipita huko kikazi. Na tarishi anayeleta habari za vita kashuka kwenye bodaboda, jina lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria toka boda hadi boda. Sayari nzima ina serikali moja, haina mpaka hata mmoja. Boda ipi?

Sisemi kila neno litupwe. Ukianza kufukuza maneno ya kigeni kwenye Kiswahili utabaki umesimama, maana hata meza imetoka kwa Wareno. Lakini nani akisikia meza anamwona Mreno? Hayupo, keshaondoka. Nahodha ni Mwajemi, naye kasahau kwao. Mweke kwenye chombo cha anga bila wasiwasi. Hata "kung'oa nanga" naipitisha, hakuna mtazamaji wa Mbagala atakayeinama kuitafuta nanga. Tatizo ni neno ambalo bado linatoa harufu ya lilikotoka. Kaskazi tunaisikia mwilini kila mwaka. Kaunda suti tunaiona harusini. Hayo ndiyo ya kutoa, na dawa yake wala si ngumu: "elekeeni kwenye ncha ya baridi", "viazi" basi, "suti ya mikono mifupi" basi. Soma ukurasa kwa sauti, kila nomino iulize kama ina nchi, mtu, upepo au msimu ndani yake.

Balaa lenyewe ni saa. Saa yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, na inafanya kazi kwa sababu Dar iko kama digrii saba tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima macheo hayasogei hata kwa saa moja kamili. Sasa mhusika yuko sayari ya Zuhura (Venus) anamwambia mwenzake waonane "saa mbili asubuhi". Zuhura inajizungusha mara moja kwa siku 243 za huku kwetu, wakati kulizunguka jua inatumia siku 225. Tena inajizungusha kinyume, jua linachomoza magharibi. Anayesubiri asubuhi ya huko abebe godoro na jiko.

Mirihi (Mars) ina huruma kidogo, siku yake ni saa 24 na dakika kama 39. Ila mwaka wake ni siku zetu 687. Ukiandika "mtoto wa miaka kumi" kwa hesabu ya huko, msomaji anamwona mwanafunzi wa darasa la nne mwenye kaptula, kumbe ni kijana anayekaribia kumi na tisa, keshajiandikisha kupiga kura. Na mwezi je? Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos. Phobos anamaliza mzunguko kwa saa saba na dakika 39. Mnajua wenye nyumba wa mji huu wanavyodai kodi ya miezi sita mkononi kabla hawajakuonesha choo. Mpangaji wa Mirihi akilipa miezi sita ya Phobos, inaisha kabla ya siku mbili, kitanda hakijafungwa hata skrubu. Dalali naye atadai mwezi wake mmoja, yaani ujira wa kushinda kazini bila hata kufika jioni.

Juma usiniulize. Hata hapa duniani lenyewe limetushinda: tuna Jumatano yenye tano ndani yake, kesho yake Alhamisi yenye tano ya Kiarabu. Mtu anazihamisha zote mbili mpaka nje ya mfumo wa jua, viumbe wenye vidole vitatu wahesabu tano mbili mfululizo! Mwandishi, chagua tukio moja linalojirudia kwenye sayari yako, kama dhoruba, kupatwa kwa jua au zamu ya mgodini. Lipe jina fupi. Urefu wake utaje mara moja tu, kupitia kazi ya mtu: "alichimba tangu dhoruba mpaka dhoruba, mara tatu akala". Msomaji ataelewa, wala hatahitaji jedwali.

Na msidhani wenye pesa hawakosei. Filamu ya Star Wars ya 1977 ina rubani anayejisifu kwa "parsec" kama vile ni muda, wakati ni umbali, miaka ya nuru 3.26 hivi. Tena umbali unaopimwa kwa kutumia njia ya Dunia kulizunguka jua! Mtu wa kundi la nyota la mbali kabisa anapima safari zake kwa barabara ya mtaani kwetu. Mwaka 1983, kwenye mwendelezo wake Return of the Jedi, kuna rubani mwenye mashavu makubwa anayeitwa Nien Nunb. Sauti aliitia Mkenya, Kipsang Rotich, na maneno yenyewe ni Kikikuyu. Kwenye kibanda umiza cha video pale Manzese tunasikia lugha ya anga; mtu wa Nyeri anamsikia shangazi yake. Ukikopa lugha ya watu, kopa milio, uivuruge, usikope sentensi nzima, maana wenyewe wapo na wana simu. Sisi tena tulishakopwa mapema. Luteni Uhura wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya 1966, jina lake ni uhuru wetu huuhuu, wamebadili irabu ya mwisho na kuupandisha chomboni.

Kinachonichosha zaidi ni kuona kilicho chetu kinastaajabiwa kwa wengine. Mtaalamu wa lugha Marc Okrand alipotoa kamusi ya Kiklingoni, lugha ya kubuni ya viumbe wa Star Trek, mwaka 1985, watu walishangaa kitenzi kinachobeba mtenda na mtendwa kwenye kiambishi kimoja. Mama wa vitumbua pale Tandika anasema "nitakukaangia", kaweka mtenda, wakati, mtendewa na kwamba kazi ni kwa ajili ya huyo mtendewa, mafuta hayajapata hata moto. Hakuna aliyemwandikia kamusi.

Lakini mwandishi wetu, mwenye utajiri huo wote, anamwita shujaa wake X'qth'zr. Nani atalitamka hilo? Mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza akilifikia anakohoa, anasema "huyu jamaa", na filamu nzima shujaa anabaki kuwa jamaa. Silabi zetu zinapenda kuishia na irabu. Kiapostrofi nacho kina ajira yake tayari kwenye ng'. Ukiandika Ang'aro kwa mapambo, sisi tunasoma ng' ya ng'ombe.

Jina la taifa ndilo la kupima kwanza. Shika shina, libandike U kwa nchi, M kwa mtu, Wa kwa watu, Ki kwa lugha, usome yote manne kwa sauti. Mtu kaunda taifa la Toro bila kupima: sayari ya Utoro imetangaza vita, Watoro wanakuja. Mwalimu mkuu yeyote wa Temeke atauliza wazazi wao wako wapi. Mwingine kachukua Zushi, ina sauti ya Kijapani eti. Wazushi kutoka Uzushi, na wewe unataka niwaogope?

Ngeli pia iamuliwe ukurasa wa kwanza. Kiumbe ana sura ya ki-vi lakini anakwenda kama mtu: kiumbe amekuja, si kimekuja. Roboti "imeharibika" ikiwa ni mashine ya kufagia. Ikianza kubishana na bosi, "ameharibika". Ukichanganya bila kukusudia, msomaji anahesabu roboti wawili, mmoja anapotea katikati ya kitabu na hakuna anayemtafuta. Ukikusudia, hapo umecheza: siku nahodha anapoteleza ulimi na kusema "amechoka" badala ya "imechoka", chumba kizima kinanyamaza.

Kubandika jina jipya juu ya kitu cha zamani nako hakusaidii. Mmarekani James Blish, mwandishi wa hadithi za anga, alishalalamikia hilo zamani: sungura ukimwita "smeerp" bado ni sungura. Kuku wa kwenye sayari yako anataga, analiwa na ugali, ananyonyolewa kwa maji ya moto, halafu unamwita zirinda. Mwache aitwe kuku. Jina jipya mpe mnyama anayefanya jambo ambalo kuku hawezi, na ulipande vizuri: mara ya kwanza aonekane akilifanya, mara ya pili lirudi kabla msomaji hajafungua ukurasa mwingine, mara ya tatu liache peke yake.

Nimalizie na heshima. Kiumbe wa jangwani, hana shingo, analalamika maji yamemfika shingoni. Nimevumilia. Sasa askari wao kijana anaingia ikulu, anamkuta bibi mkuu wa ukoo, na mtafsiri kamtamkisha "shikamoo". Shikamoo ni kushika miguu. Kwanza umri: bibi ana miaka mia nne kwa mwaka wa sayari ipi? Pengine kijana ndiye mkubwa, marahaba itoke upande wake. Pili, bibi ana miguu minane. Ashike upi?