Mkoko wa Amu: pumzi au kitoweo?

Kila ifikapo siku ya kupanda miche ya mikoko huku Lamu, au Amu kama wenyeji tunavyoiita, hakosekani msemaji wa kusimama ufuoni na kusema kwamba mti ni pumzi, na anayekata mkoko anajikatia hewa yake mwenyewe. Wakataji boriti husikiliza kwa adabu, kisha hurudi kazini. Siwalaumu. Babu zao walikata, baba zao walikata, na hakuna aliyewahi kukosa hewa ya kuvuta. Hoja ya pumzi imebebeshwa mzigo usio wake, na inatupotezea watu wale wale tunaowahitaji.

Tuipime kwa haki. Ni kweli kwamba oksijeni anayovuta binadamu, punda na hata samaki changu imetokana na mimea na jamaa zake wadogo wa majini. Mmea huchukua maji na hewa ya kaboni, kwa nguvu ya jua ukatengeneza sukari, na oksijeni ikaachiwa. Lakini karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani hutoka kwa viumbe vya kijani vinavyoelea baharini, vidogo visivyoonekana kwa macho. Msitu uliokomaa nao hutumia tena sehemu kubwa ya oksijeni yake: mizizi inapumua, na vijidudu vinavyoozesha majani vinapumua vilevile. Angani oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, akiba ya mamilioni ya miaka. Mimea yote ikiacha kazi leo, hewa hiyo ingetutosha kwa maelfu ya miaka. Njaa ingetumaliza mapema zaidi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mkataji si atavuta nini, bali atakula nini. Na hapa mkoko una kesi nzito.

Hakuna mnyama anayejitengenezea chakula kutokana na jua. Tunakula mmea, au tunakula aliyekula mmea. Katika mikondo ya visiwa vya Pate, Manda na Ndau jambo hili linaonekana kwa macho maji yakitoka. Jani la mkoko huanguka, kaa hulikokota hadi shimoni mwake. Kinachobaki huozeshwa na vijidudu, kikawa lishe ya kamba na ya samaki wachanga waliojificha katikati ya mizizi ambamo samaki wakubwa hawapenyi. Mkizi, mwatiko na chewa hupitia humo wakiwa wadogo. Kila hatua hupoteza sehemu kubwa ya chakula, kwa kawaida kiasi cha moja ya kumi tu ndicho kinachovuka kwenda kwa mlaji wa juu. Ndiyo maana majani mengi sana huzaa kilo chache za samaki, na msitu ukipungua kidogo hasara hufika hadi chunguni.

Wakati wa upepo wa kusi, bahari ya nje ikichafuka, mwenye mtumbwi mdogo huvua humu humu ndani. Hana pengine pa kwenda.

Oksijeni ina nafasi yake, ila si angani. Matope ya mikoko hayana hewa. Mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, iliyochomoza kama penseli hupeleka hewa chini, na mashimo ya kaa huiingiza zaidi. Basi mnyama naye humsaidia mti kupumua, jambo ambalo hotuba za ufuoni hulisahau.

Upande wa pili una haki yake, na sitaki kuupita kwa haraka. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo, yaani miti ya mikoko ya kujengea kuanzia nyembamba hadi nene, zimelisha nyumba za Lamu kwa vizazi. Hata upana wa vyumba vya mji wa kale ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti kwenda nje ulipigwa marufuku, na mwaka 2018 ukataji ukasimamishwa tena katika misitu ya umma nchi nzima. Kwa Lamu mzigo ulikuwa mkubwa, kwa sababu hapa ndipo ilipo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kumwambia mtu aache kukata bila kumwonyesha riziki nyingine ni kumwambia mkewe asiwashe jiko. Tena mkataji wa fito si mharibifu peke yake. Mwaka huo huo wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa riziki iliyoharibiwa na ujenzi wa bandari ya Lamu.

Nikiweka haya yote mizanini, marufuku ya jumla siioni kuwa sawa, wala uhuru wa shoka. Mti na mti hawafanani. Mchu ukikatwa huchipua tena. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, ukikatwa shina haurudi. Panapofyekwa hungoja mche mpya na miaka mingi. Mkataji mzoefu anajua hayo kuliko mimi. Ukingo wa mikondo, ambako samaki wachanga hukaa, uachwe kabisa. Ndani zaidi akate kwa kuchagua, akiacha miti mama ya mbegu. Na anayepanga mpaka huo akae baraza moja na wakataji na wavuvi, kwani mara nyingi ni ndugu wa nyumba moja: huyu yuko msituni, yule yuko mkondoni, na chakula chao cha jioni ni kimoja.