Wairishi katika vita vya Marekani: damu ilinunua nini?

Mchana wa tarehe 13 Desemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa, Brigedi ya Wairishi ya jeshi la Kaskazini ilipanda kilima cha Marye's Heights, huko Fredericksburg, Virginia, askari wakiwa wamechomeka vijitawi vibichi kofiani. Walikuwa kama 1,200. Nyuma ya ukuta wa mawe waliwasubiri askari wa Kusini kutoka Georgia, na mmoja wa makamanda wao, Robert McMillan, naye alikuwa mzaliwa wa Antrim, Ireland. Wa brigedi hiyo waliouawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo walifika 545.

Wanaowasifu husema watu hawa walijinunulia uraia kwa damu. Wana hoja. Wengi walikuwa wameikimbia njaa kuu iliyoanza 1845, iliyoua takriban watu milioni moja, wakafika Boston na New York wakadharauliwa kwa umaskini na Ukatoliki wao. Wazaliwa wa Ireland wapatao 150,000 waliipigania Kaskazini, na sheria ya 1862 ikamrahisishia mhamiaji aliyemaliza utumishi wake kwa heshima kupata uraia.

Wengine wanasema walitumiwa tu. Tajiri aliweza kulipa dola 300 akakwepa kuandikishwa jeshini. Kwa kibarua, hayo yalikaribia kuwa mapato ya mwaka mzima. Hasira hiyo ililipuka New York Julai 1863. Lakini umati ule, wengi wao Wairishi, haukuishia kwenye ofisi ya uandikishaji. Uliwanyonga watu Weusi barabarani na kuchoma kituo cha watoto yatima Weusi. Ulimuua hata Kanali Henry O'Brien, Mwairishi mwenzao, aliyekuwa ameongoza askari kuuzima.

Mimi siikubali hoja ya kutumiwa kwa ukamilifu wake. Thomas Francis Meagher, aliyeiongoza brigedi ile, alikuwa mwanamapinduzi aliyetoroka kifungo cha Waingereza huko Tasmania, alijua anachokitafuta. Upande wa Kusini, Patrick Cleburne, jenerali mzaliwa wa Cork, Ireland, alipendekeza Januari 1864 watumwa wapewe silaha na uhuru. Shabaha yake ilikuwa kuinusuru Kusini, ila wakubwa wake walilizima pendekezo hilo. Sare peke yake haitoshi kutuambia mtu aliamini nini.

Lakini hoja ya damu ndiyo inayonikera zaidi, hasa inapoisimulia Fredericksburg na kuiruka Julai 1863. Wanajeshi Weusi wapatao 180,000 walivaa sare ileile ya Kaskazini, na mwanzoni walilipwa pungufu kuliko wenzao Weupe. Baada ya vita Wairishi walipanda ngazi katika siasa, polisi na serikali za miji. Mwanajeshi Mweusi alipata kura kwa katiba, kisha majimbo ya Kusini yakampokonya kwa vitisho na sheria za hila kabla karne haijaisha. Damu ingekuwa ndiyo bei yenyewe, naye angekuwa amekwisha kuilipa.