Aurangzeb, Jizya na Ardhi Iliyokwisha: Nini Hasa Kiliiangusha Dola ya Mughal?

Mwezi Machi 2025 vurugu zilizuka mjini Nagpur, katikati ya India, baada ya maandamano ya kudai kwamba kaburi la Aurangzeb, mfalme wa Mughal (dola ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India) aliyefariki mwaka 1707, liondolewe Khuldabad lilipo. Mji wa Aurangabad ulikuwa umekwisha kubadilishwa jina rasmi mwaka 2023, na barabara ya Delhi iliyoitwa kwa jina lake ilipewa jina jingine mwaka 2015. Nyuma ya madai haya kuna maelezo ya historia yaliyozoeleka mno hata hayahojiwi tena: kwamba mfalme Akbar aliijenga dola kwa kuzivumilia dini zote, na kitukuu chake Aurangzeb akaibomoa kwa ushupavu wa dini moja. Waislamu wengi wanaomtetea, ambao humsifu kama mfalme mchamungu aliyeshona kofia na kunakili Kurani kwa mkono wake, hawayakatai maelezo hayo kimsingi. Wao hugeuza sifa tu, wakasema dola ilisimama kwa ucha Mungu wake na ikaanguka kwa sababu warithi wake hawakuwa nao. Hivyo mshitaki na mtetezi wanaafikiana kwamba uhai na kifo cha dola iliyotawala watu wa dini nyingi kiasi kile vilitegemea imani ya mtu mmoja. Hapo ndipo ninapotofautiana nao wote wawili.

Upande wa mashitaka una ushahidi, nao unastahili kutajwa bila kupunguzwa. Mwaka 1669 hekalu la Vishwanath la Banaras lilibomolewa kwa amri ya mfalme, na mwaka uliofuata likafuata hekalu la Keshava Deva la Mathura. Mwaka 1675 Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa tisa wa Masingasinga, aliuawa hadharani Delhi. Mwaka 1679 ikarudishwa jizya, kodi ya kichwa kwa wasio Waislamu ambayo Akbar alikuwa ameifuta mwaka 1564. Khafi Khan, mwandishi wa historia aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba Wahindu wa Delhi walijaa njiani baina ya ngome na msikiti siku ya Ijumaa wakimsihi mfalme aiondoe. Walipokataa kupisha, tembo na farasi waliamriwa kupita, na watu wakakanyagwa. Kodi yenyewe iliwasamehe wanawake, watoto, mafukara na waliokuwa katika utumishi wa dola, lakini kwa waliobaki ilimwelemea mnyonge, kwa kuwa tajiri alitozwa mara nne tu ya kiwango cha mtu wa kipato cha chini, hata kama mali yake ilikuwa mara mia. Mwaka huohuo wa 1679 Warajputi wa Marwar, yaani koo za kivita za Kihindu, waliasi, baada ya mtawala wao Jaswant Singh kufariki na dola kujiingiza katika urithi wa kiti chake. Mwaka 1681 mwana wa mfalme mwenyewe alijiunga na waasi. Juu ya msingi huu mwanahistoria Jadunath Sarkar alijenga hoja kwamba Aurangzeb aliwafukuza Wahindu kutoka katika dola, nao wakaizika.

Dhuluma hizo zilikuwapo, na aliyezitenda anawajibika kwazo. Hata hivyo, kuthibitisha dhuluma si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoangusha dola, na ili tujue kilichoiangusha inatupasa kwanza tujue kilichoisimamisha.

Habari za Babur, mfalme wa kwanza wa Mughal, na ushindi wake katika vita vya Panipat vya mwaka 1526 zinajulikana. Alichokianzisha Babur kilikuwa ushindi wa vita tu, nao ulimponyoka mwanawe Humayun kwa miaka kumi na mitano hivi. Aliyeugeuza kuwa dola ni Akbar. Kila afisa wake, awe Mturuki kutoka Asia ya Kati, Mwajemi wa madhehebu ya Shia, Mwafghani, Mwislamu mzaliwa wa India au Mrajputi Mhindu, alipewa daraja iliyoitwa mansab, yenye hesabu mbili: moja ya cheo chake binafsi, nyingine ya askari wa farasi aliopaswa kuwaweka. Wachache walilipwa fedha taslimu kutoka hazina. Wengi walipewa jagir, yaani haki ya kukusanya kodi ya vijiji vilivyotajwa kwa majina, na baada ya miaka mitatu au minne walihamishiwa vijiji vingine ili wasijijengee himaya. Kodi ilikadiriwa kwa wastani wa mavuno na bei za miaka kumi, utaratibu uliosimamiwa na waziri Mhindu, Raja Todar Mal. Raja Man Singh wa Amber, Mrajputi Mhindu, aliongoza majeshi ya dola Kabul na Bengal, akapanda hadi daraja la 7,000 ambalo Waislamu wachache mno walilifikia.

Uvumilivu wa Akbar ulikuwa wa kweli, na simpunguzii heshima yake. Lakini Akbar huyohuyo aliizingira Chittor, ngome ya Warajputi, na ilipoanguka mwaka 1568 aliamuru mauaji ya maelfu ya watu waliokuwa ndani. Warajputi waliojiunga naye walijua ukali wake, na walijua pia kwamba anayejiunga hapati maneno matamu peke yake: anapata vijiji. Gujarat ilitwaliwa mwaka 1573 na Bengal mwaka 1576, na kila jimbo jipya lilileta jagir mpya za kugawa. Watu wa asili na dini mbalimbali walikaa pamoja katika baraza moja kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na sehemu yake katika pato la ardhi, na sehemu hiyo haikuwa ikimpunguzia mwenzake.

Sasa tumgeukie Aurangzeb anayesemekana aliwafukuza Wahindu. Mwanahistoria M. Athar Ali wa Aligarh aliwahesabu, jina kwa jina, maafisa wote wa daraja la 1,000 na zaidi aliowapata katika kumbukumbu za utawala huo, akaugawa utawala katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, 1658 hadi 1678, yaani kabla ya jizya kurudi, aliwapata maafisa 486, na Wahindu kati yao walikuwa 105, sawa na asilimia 21.6, hicho ni takribani kiwango kilekile cha siku za Akbar. Katika kipindi cha pili, 1679 hadi 1707, yaani baada ya jizya, maafisa walikuwa 575 na Wahindu 182, sawa na asilimia 31.7. Hapakuwa na mfalme wa Mughal kabla yake aliyekuwa na sehemu kubwa hivyo ya Wahindu katika ngazi za juu za utumishi. Anayesema Aurangzeb aliwafungia Wahindu milango ya dola anazungumza kinyume cha orodha ya majina.

Watetezi wa Aurangzeb huishia hapo na kushangilia, nami nadhani wanaishia mapema mno, kwa sababu faida kubwa ya takwimu hii imo ndani yake. Warajputi katika kipindi cha kwanza walikuwa 71. Katika kipindi cha pili walikuwa 73. Kwa hesabu ya vichwa hawakufukuzwa, lakini sehemu yao katika baraza lililopanuka ilishuka kutoka asilimia 14.6 hadi 12.7. Walioongezeka ni Wamaratha wa kusini: kutoka 27 hadi 96. Na hao hawakuingia kwa sababu mfalme aliwapenda ghafla wala kwa sababu alibadili msimamo kuhusu dini yao. Waliingia kwa sababu alikuwa akipigana vita huko kwao, na kila kiongozi aliyeweza kuvutwa kutoka kambi ya adui alivutwa kwa cheo, na cheo kilitaka jagir. Kwa hiyo takwimu inayomwondolea Aurangzeb shitaka la kuwatenga Wahindu ndiyo hiyohiyo inayotuonyesha ugonjwa uliokuwa ukiila dola. Watu walikuwa wengi mezani na chakula hakikuongezeka.

Aurangzeb alielekea kusini mwaka 1681 na hakurudi tena Delhi wala Agra mpaka alipofariki, akiwa na umri wa miaka 88. Bijapur iliangushwa mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687. Wanaoyaona maisha yake yote kama vita vya Uislamu dhidi ya Uhindu wanapaswa kukumbuka kwamba falme hizi mbili, shabaha kubwa kuliko zote alizozipiga, zilikuwa za Waislamu, na kadhi wake mkuu hakukubali kuvihalalisha vita hivyo, akaacha kazi. Baada ya hapo kukawa na uzingiraji wa ngome usiokwisha: ngome ya Gingee peke yake ilichukua miaka minane, kutoka 1690 hadi 1698. Ramani ya dola ilifikia upana ambao haikupata kuwa nao, na kwa macho ya mtu wa mbali hapo ndipo ilipokuwa kileleni.

Kwa afisa aliyepewa jagir katika ramani hiyo mambo yalikuwa mengine kabisa. Daftari la Golconda au Bijapur lilionyesha vijiji vyenye kodi nzuri, na kwa hesabu ya daftari hilo alitakiwa kuweka askari wa farasi kadhaa, farasi wao wakaguliwe na kupigwa chapa. Alipofika alikuta wakulima wamekimbia, mashamba yamekanyagwa na majeshi, na wapanda farasi wa Kimaratha wameshapita wakidai chauth, yaani robo ya mapato. Akiwalipa hao, hana cha kuwapa askari wake. Asipowalipa, hata hicho kidogo hakipati. Wengi walipatana nao kisirisiri. Bhimsen, karani Mhindu aliyemtumikia kamanda Mrajputi wa ukoo wa Bundela katika jeshi la mfalme, ameeleza hali hiyo kama mtu aliyeiona kwa macho yake: maafisa wasio na pato, wakulima waliochoka, wenye ardhi wa vijijini wakijizatiti kwa silaha. Wakati huohuo ardhi nyingi nzuri ya majimbo mapya iliwekwa upande wa hazina ya mfalme ili kugharimia vita hivyohivyo. Maafisa walingoja jagir miaka na miaka, na msemo wa Kiajemi wa siku hizo ulisema kwamba komamanga ni moja na wagonjwa ni mia.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama eneo hili kwa makini zaidi, kwa kuwa waliozuia njia ya Mughal kusini kwa miaka mingi kabla ya Aurangzeb waliongozwa na Mwafrika. Malik Ambar, mzaliwa wa Uhabeshi aliyeuzwa utumwani na kufika Ahmadnagar, ufalme wa Kiislamu wa kusini, aliwashinda majenerali wa Mughal mara kwa mara mpaka alipofariki mwaka 1626, kwa kukata njia za chakula na kushambulia usiku badala ya kukabiliana nao uwanjani. Katika vita vya Bhatvadi vya mwaka 1624 alikuwa na kamanda wa Kimaratha aliyeitwa Shahaji, na huyo ndiye baba wa Shivaji, mwanzilishi wa ufalme wa Wamaratha. Upande wa pili, Masidi wa kisiwa cha Janjira, wenye asili ya Afrika pia, walikuwa wanamaji wa Aurangzeb dhidi ya Wamaratha. Mwislamu Mhabeshi aliyewainua Wamaratha Wahindu dhidi ya mfalme Mwislamu, na Waafrika wengine waliompigania Aurangzeb baharini, hawaingii katika hadithi ya dini mbili zilizokabiliana.

Kuna njia moja ya kuzipima hoja hizi mbili, nami nashangaa kwamba haitumiwi sana. Jizya iliondolewa mwaka 1713, miaka sita tu baada ya kifo cha Aurangzeb, na majaribio ya kuirudisha hayakudumu. Warajputi walirudishiwa heshima yao: Jai Singh wa Amber alipewa ugavana wa Malwa, na Ajit Singh, mtoto wa Jaswant Singh ambaye kwa ajili yake Marwar iliasi, akapewa Gujarat. Kama ugonjwa ungekuwa siasa za dini, hiyo ilikuwa dawa yenyewe, na ilitolewa mapema. Kilichofuata ni maamiri kugombania ardhi iliyobaki. Mwaka 1719 mfalme mmoja aliondolewa na wengine watatu wakawekwa mmoja baada ya mwingine kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1724 Nizam-ul-Mulk, Mwislamu wa Sunni mwenye asili ya Asia ya Kati, alijitwalia Deccan, yaani majimbo ya kusini. Na mwaka 1739 Nadir Shah, mfalme wa Uajemi na Mwislamu mwingine, aliingia Delhi, akaua na kupora. Walioimega dola kutoka ndani hawakuwa Wahindu waliolipiza kisasi peke yao. Walikuwa magavana wa dini zote waliogundua kwamba jimbo la kudumu lina faida kuliko jagir ya kungojea.

Nitakubali jambo moja zito kwa upande ule mwingine. Hesabu ya vichwa haipimi moyo. Warajputi 73 wa kipindi cha pili hawakuwa na imani ile ile na dola kama Warajputi wa Man Singh, na mfalme anayewatoza jizya ndugu za makamanda wake kisha akawataka makamanda hao wafe kwa ajili yake kusini anajinyima kitu ambacho hazina haiwezi kukinunua. Naamini Aurangzeb aliiharakisha safari ambayo vita vyake vilikuwa vimekwisha kuianzisha. Ila wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakisema Wahindu hawakupata kuikubali dola ya Waislamu tangu mwanzo na walingoja nafasi tu. Hao wana kazi ya kueleza kwa nini mwaka 1784 Mahadji Sindhia, Mmaratha aliyekuwa na nguvu kuliko yeyote kaskazini, alitafuta cheo cha uwakili, yaani kutawala kwa niaba ya mfalme wa Mughal Shah Alam, badala ya kumwondoa. Kwa nini Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliendelea kupiga sarafu kwa jina la mfalme huyo hadi mwaka 1835. Na kwa nini tarehe 11 Mei 1857 askari wa Kampuni hiyo walioasi kutoka Meerut, ambao wengi wa wenzao katika jeshi lake la Bengal walikuwa Wahindu wa matabaka ya juu, walikwenda moja kwa moja Delhi kumtaka Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal, mzee asiye na jeshi wala hazina, awe mfalme wao.