Kinachowakwamisha si kutojua sheria
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba wanawake wengi hawaombi amri ya mahakama ya kumzuia mume mpigaji asiwakaribie kwa sababu hawaijui sheria. Mimi naona wanaijua, ila huchoshwa njiani. Jirani yangu hapa Wete, Pemba, alipewa polisi fomu ya PF3, ambayo daktari huandika majeraha ya aliyepigwa, akaifunga katika pindo la kanga siku nne huku wazee wa pande zote mbili wakimsihi akubali suluhu, na alipofika hospitali (kwa miguu, maana nauli anaishika mume) michubuko ilikwisha kufifia. Wengine hukimbilia kwa Kadhi, ambaye huamua ndoa, talaka na matunzo, wala hasikilizi jinai ya kipigo. Je, yupo hapa aliyewahi kuipata amri hiyo kabla ya talaka?