Sori ya Kisumu si kosa

Kuna walimu wa Kiingereza ambao hawavumilii kabisa kumsikia mtoto akimwambia mwenzake aliyejikwaa, "Sori." "Kwani wewe ndiye uliyemsukuma?" watamuuliza. Mimi naona mtoto yuko sawa, na mwalimu ndiye wa kurudi kwenye kamusi.

Neno "sorry" limetokana na Kiingereza cha kale, "sarig", yaani mtu mwenye uchungu au majonzi. Ni ndugu wa "sore", kidonda. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow", huzuni, kumbe asili zao ni mbali mbali. Uchungu ndio shina, kuomba radhi ni tawi. Hata Mwingereza akienda kuhani msiba huwaambia wafiwa "sorry", na hajaua mtu.

Sasa fika Kibuye, soko kubwa la Kisumu, Jumapili limefurika, mkokoteni ugonge meza na gorogoro, kopo la kupimia, ya omena, yaani dagaa, imwagike. Mwenye mkokoteni hajafungua mdomo, tayari unasikia "Sori mathe!", "Mos ahinya!", "Pole mama!" kutoka kwa watu ambao hawajagusa chochote, na wawili wao wameshachutama wanazoa omena kwa viganja. Nani hapo anaungama kosa?

Wajaluo wana "mos", Waswahili wana "pole", na ukiyarudia maneno hayo yote mawili unapata taratibu: mos mos, polepole. Lugha hizi si za ukoo mmoja, lakini zimekutana hapo. Kiingereza kilipotufikia hakikuwa na neno dogo la kumpa mtu aliyejigonga kidole, basi tukachukua lililokuwa karibu tukalipa kazi hiyo. Linaifanya vizuri. (Ile "sorry?" ya kuuliza umesemaje, wanaoipenda waendelee nayo. Sisi tuna "ati?")

Sori inayonikera ni ya dirishani ofisini. Umepiga foleni tangu asubuhi, jua limekupiga, unafika mbele na karani, macho yakiwa kwenye simu, anakwambia, "Sori, netiweki imepotea." Hiyo si pole, maana hakuonei huruma. Si samahani pia, maana hakuombi chochote. Anakufukuza tu kwa adabu. Kama kalamu nyekundu ya mwalimu bado ina wino, aende nayo huko.