Yaya wa vitabuni si yule wa filamu

Nimesoma makala inayomsifu Mary Poppins kama yaya mpole wa nyimbo na tabasamu. Huyo ni wa filamu ya Disney ya 1964. Yule aliyeandikwa na P. L. Travers kuanzia 1934 ni mtu mwingine kabisa: mkali, mwenye majivuno, hapiti kwenye kioo cha duka bila kujitazama. Watoto wakimuuliza juu ya maajabu ya jana, anawajia juu kana kwamba wamemtukana. Hapo ndipo ninapompendea!

Wenye watoto, someni kisa cha mapacha wachanga anaowalea, John na Barbara, katika kitabu cha kwanza. Wanazungumza na upepo, na miale ya jua, na ndege kwezi anayetua dirishani. Wanaambiwa watasahau lugha hiyo, wanakataa katakata. Meno yanaota. Kwezi anarudi, anawasemesha, hawamwelewi tena. Analia, kisha anasingizia mafua. Kisa hicho kinaniliza hadi leo.

Filamu imewafuta kabisa mapacha hao, wakabaki ndugu zao wakubwa, Jane na Michael, tu. Ndugu mwandishi wa makala hiyo, tafadhali visome vitabu vyenyewe kabla ya kumwita mpole.