Mbona mawe ya mashujaa hamkuyagusa?
Asanteni kwa makala yenu ya falme za Kikannada, kusini mwa India, ila mmeishia kwenye nasaba tu: Chalukya, Rashtrakuta, Hoysala, nani kamzaa nani. Mawe ya mashujaa je, yale yaliyosimamishwa kuwakumbuka waliokufa kishujaa? Chini vilichongwa vita, juu marehemu yuko mbele ya mungu wake. Linalonigusa mno ni la kijiji cha Atakur, karne ya 10. Manalera, askari wa mfalme Butuga II wa ukoo wa Ganga, alipigana kishujaa na Wachola, ufalme hasimu, kwenye vita vya Takkolam, mwaka 949. Alipoambiwa aombe zawadi, akaomba mbwa! Jina lake Kali, na hata kwa Kiswahili lingemfaa. Mbwa huyo akapambana na nguruwe mwitu, wakauana. Akachongewa jiwe, likatengewa shamba pia, na kuhani akaamriwa asile kabla ya kuliheshimu jiwe hilo.